Unguja au Pemba? Misitu, magofu na njia za miguu kwa mwenye siku chache

Likizo zikikaribia, jamaa wa bara huanza kuuliza swali moja kwa maneno tofauti: tunakuja Zanzibar, lakini safari hii hatutaki kulala ufukweni tu, tunataka msitu, magofu, mahali pa kutembea kwa miguu. Tubaki Unguja au tuvuke Pemba?

Mwenye siku mbili, mwenye watoto wadogo, au aliyefuatana na bibi ambaye magoti yake hayataki kupanda na kushuka, abaki Unguja. Mwenye siku nne na kuendelea, miguu mizima na moyo wa kuuliza njia, avuke. Kwa mwenye haraka hilo linatosha. Anayetaka kujua anapata nini na anakosa nini asome mbele, maana tofauti ya visiwa hivi haiko kwenye umaarufu peke yake. Unguja imeshazoea mgeni: kuna geti, kuna risiti, kuna kijana wa hifadhi anayekusubiri na maelezo yake tayari. Pemba mahali penyewe papo, na pengine ni pazuri zaidi, ila wewe ndiye wa kupatafuta.

Kwa nini wanyama wao hawafanani

Nianze na hili kwa sababu watu wengi huvuka Pemba wakitegemea kuona yale yale ya Jozani, kisha hurudi wakilalamika.

Zamani, bahari iliposhuka katika enzi ya barafu, Unguja iliungana na bara. Ushahidi umo katika pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, ambamo wachimbuaji walikuta mifupa ya punda milia na nyati. Maji yalipopanda tena, wanyama waliokuwa upande huu wakabaki huku. Ndiyo asili ya kima na paa wa Unguja, na ya yule chui wa Unguja ambaye wazee wanamkumbuka kwa hofu na ambaye siku hizi humwoni isipokuwa amekaushwa makumbusho.

Pemba ni habari nyingine. Ilijitenga na bara muda mrefu zaidi, na mkondo ulio kati yake na pwani ya Tanga una kina cha mamia ya mita. Wanyama wakubwa hawakupata daraja la kuvukia. Waliofika zaidi ni wenye mbawa, na wakakaa peke yao mpaka wakawa aina yao wenyewe. Kwa hiyo Unguja unakwenda kumtazama mnyama kwenye tawi lililo usawa wa macho, na Pemba unakwenda kutazama juu na kusikiliza. Asiyependa ndege wala popo asijilazimishe.

Jozani na Ngezi

Jozani iko kilomita 35 hivi kutoka mjini, kwenye barabara ya kusini. Ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Ghuba ya Jozani–Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi, na mpaka leo ndiyo hifadhi ya taifa pekee Zanzibar. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya hifadhi hai. Huhitaji gari ya kukodi: daladala za Jambiani (309) na za Makunduchi (310) zinapita mlangoni, mwambie konda tu akushushe Jozani.

Unachofuata pale ni kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani utadhani ametoka kuamka. Ni mnyama wa Unguja, na nje ya hapa hayupo pengine isipokuwa wachache waliopelekwa Ngezi miaka ya 1970. Hesabu iliyotangazwa mwaka 2017 ilikuta wamezidi 5,800, zaidi sana ya ilivyodhaniwa kabla. Wale wa upande wa mashambani, ng'ambo ya barabara, wamezoea watu kiasi kwamba watapita karibu na mguu wako bila kukutazama. Hula majani machanga ya miembe na mikungu, kisha hutafuta makaa wakayatafuna, kwa kuwa makaa hupunguza sumu iliyomo kwenye majani hayo. Ukimwona kima ameshika kipande cha makaa kama mtoto aliyeshika mua, hajachezea jiko la mtu, anatibu tumbo. Usimguse, usimpe ndizi, na usikubali kijana yeyote akuitie kima kwa chakula ili upate picha. Mafua yako yanaweza kumuua.

Wengi wakishawaona kima hupanda gari wakaondoka. Wanakosa nusu ya Jozani. Kwanza kuna msitu wenyewe, ule wa kando ya ofisi, wenye mitondoo mikubwa na maji yaliyo karibu sana na uso wa ardhi. Wakati wa masika sehemu zake hugeuka ziwa. Kisha, upande wa Pete, kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko. Maji yakitoka utaona mizizi imesimama wima kama vidole na kaa wa kila rangi. Maji yakijaa utaona samaki wadogo wakijificha mle mle. Mimi naipenda zaidi maji yakiwa yametoka, ingawa kijana wa hifadhi atakuambia kinyume chake. Muulize akutofautishie mkoko, mchu, msindi na mkandaa, maana kila mmoja una kazi yake kwa wajenzi na wavuvi, na ukishaijua miti hiyo huioni tena kama kichaka kimoja. Karibu na hapo pana kituo cha vipepeo, ambacho kwa mtoto wa miaka sita kinashinda msitu mzima.

Kasoro ya Jozani ni watu. Kuanzia saa tatu asubuhi mabasi ya mahotelini yanamiminika, na msitu unakuwa na kelele kuliko soko la Darajani mjini. Nenda mara geti linapofunguliwa, au alasiri baada ya saa tisa.

Ngezi, kwa upande wake, iko pembe ya kaskazini magharibi ya Pemba, mbele ya Konde. Ukitoka Chake Chake, mji wa katikati ya Pemba, unapanda gari ya Konde mpaka mwisho wa safari yake, kisha unatafuta boda kwa kilomita chache zilizobaki. Barabara inapoingia msituni utaijua bila kuambiwa, joto linashuka ghafla na mwanga unabadilika. Huu ndio mabaki ya msitu uliowahi kufunika sehemu kubwa ya Pemba kabla mikarafuu haijachukua ardhi. Mivule yake ni mirefu kweli, na chini yake kuna mpapindi, mnasaba wa mnazi usioota kwa asili popote isipokuwa Pemba. Wakoloni walikata mbao humu, na mabaki ya kiwanda chao bado yapo, yamemezwa na mizizi.

Popo wa Pemba ndiye mwenyewe wa kisiwa. Mabawa yake yakinyooshwa hufikia mita moja na nusu, uso wake ni wa mbweha, manyoya yake ni ya rangi ya kutu, na hali kitu isipokuwa matunda, maua na majani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuwa karibu kutoweka kwa kuwindwa na kukatiwa miti. Vijiji vikaanza kumlinda wenyewe, na leo wapo kwa maelfu. Kama hutaki kufika Ngezi kwa ajili yake, nenda Kidike, si mbali na Chake Chake, kijiji ambacho wananchi wameigeuza miti ya popo kuwa hifadhi yao na kiingilio kinabaki kijijini. Mchana utawakuta wamening'inia wakigombana. Magharibi wanaondoka kundi zima, na hilo ndilo la kungojea.

Ndege wa Pemba wasiopatikana kwingine duniani ni wanne: bundi mdogo, ninga, chozi, na mmoja mdogo wa kijani na manjano mwenye duara jeupe kuzunguka jicho. Bundi ndiye mgumu. Ukimtaka, panga na watu wa hifadhi mapema mtembee usiku na tochi; usiende usiku kwa kichwa chako.

Ngezi ina kasoro zake. Njia zilizotengenezwa si ndefu, na mtu aliyezoea kupanda milima atazimaliza kabla hajatoka jasho vizuri. Wanyama hawaji kukupokea. Mbu wapo, na wakati wa masika tope linavua viatu. Ila msitu ukiumaliza, mbele yake kuna ufukwe wa Vumawimbi, mweupe na mrefu, ambako unaweza kukaa mchana kutwa ukaonana na mvuvi mmoja na ng'ombe wake. Kutoka hapo, mwenye miguu anaendelea mpaka Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa chuma uliosimamishwa na Waingereza. Ukichanganya msitu, ufukwe na mnara, siku yako imejaa, na kwa matembezi ya siku nzima hakuna kinachoishinda siku hiyo Unguja kote.

Kwa hiyo baina ya misitu hii miwili: kwa kuona, Jozani, kwa kutembea, Ngezi.

Magofu: hapa nina upande

Sitajifanya mwamuzi asiye na timu. Kwenye magofu, Pemba inashinda kwa mbali, na inashinda kwa sababu ya umri.

Magofu mengi anayopelekwa mgeni Unguja ni ya masultani wa karne ya 19. Mtoni ni kasri la Seyyid Said bin Sultan, ambamo binti yake Bibi Salme alizaliwa mwaka 1844. Maruhubi ni jumba la Seyyid Barghash, lililoungua mwaka 1899; nguzo zake bado zimesimama zikikuonyesha palivyokuwa na ukubwa. Hamamu za Kidichi zilijengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Kiajemi wa Seyyid Said, na nakshi zake za chokaa za ndege na maua bado zinasomeka ukiingia na mwanga mzuri wa asubuhi. Maruhubi na Mtoni ziko kando ya barabara ya Bububu, daladala 502 inakushusha, na mtu mmoja mwenye kofia na chupa ya maji anaweza kuziona zote mbili kabla ya adhuhuri kisha akapanda juu Kidichi mashambani. Ni matembezi rahisi. Ni magofu ya kifalme hasa, ya watu ambao majina yao tunayajua na picha zao tunazo.

Ongeza Mangapwani, kaskazini zaidi, penye pango la maji na, mbali kidogo, chumba kilichochimbwa chini ya ardhi kuficha watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku. Soko la watumwa la mjini lilifungwa mwaka 1873. Ukizuru kanisa la Anglikana lililojengwa juu ya soko hilo, kisha ukaenda Mangapwani siku hiyo hiyo, historia inakaa sawa: ulipofungwa mlango wa mbele, wenye tamaa wakafungua wa nyuma. Ziara hiyo si ya kupiga picha za kucheka, na watoto wadogo usiwapeleke kwenye kile chumba.

Lililo la kale hasa Unguja ni msikiti wa Kizimkazi Dimbani. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe limejengwa upya baadaye na kwa nje halina la kukushangaza, bati na chokaa tu. Mgeni asiyeambiwa atalipita. Bado ni msikiti wa kusalia, si makumbusho. Omba ruhusa, vua viatu, mwanamke ajistiri, na usifike wakati wa sala isipokuwa umekuja kusali.

Kuna pia Dunga, mabaki ya nyumba ya Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji kabla na wakati wa masultani. Ni padogo, na nusu saa inatosha, lakini asiyefika Dunga atarudi kwao akidhani Unguja haikuwa na wenyewe kabla ya Waomani.

Sasa vuka mkondo. Ras Mkumbuu, kwenye ulimi mrefu wa ardhi magharibi ya Chake Chake, kuna msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo yaliyosimama vichakani, bahari ikionekana pande mbili. Mwanajiografia wa Kiarabu al-Masudi, aliyesafiri pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliutaja mji wa Kanbalu uliokuwa na Waislamu katika kisiwa cha nchi ya Zanj, yaani pwani hii, na watafiti wengi huiweka Kanbalu hiyo Pemba. Simama pale ukumbuke kwamba Mji Mkongwe tunaojivunia haukuwapo. Kufika ni kwa ngalawa au boti kutoka Wesha, ndiyo njia nzuri, au kwa ardhini kupitia Ndagoni kisha kwa miguu. Kwa boti, suala zima ni maji: uliza yanajaa na kutoka saa ngapi kabla hujapatana bei, la sivyo utatembea kwenye tope la mikoko ukiwa umebeba viatu.

Pujini ndipo penye hadithi. Ni ngome ya karne ya 15, kusini mashariki ya Chake Chake, iliyozungushiwa boma la udongo, na pwani yetu ya zama hizo haina nyingine inayofanana nayo. Wenyeji huiita ya Mkama Ndume, mtawala aliyekamua wanaume wakakamuka: inasimuliwa kwamba aliwalazimisha raia kubeba mawe huku wakijikokota kwa makalio. Kuna kisima, na kisima kina kisa. Mkama Ndume alikuwa na wake wawili wasioelewana, akajenga ukuta ili mmoja ateke kwa kamba na ndoo upande wake na mwingine ashuke kwa ngazi upande wake, wasikutane. Wanawake wakifika hapo hucheka, wanaume hukaa kimya. Wachimbuaji nao walikuta chumba chini ya ardhi, na ukutani mwake umbo la siwa, ile pembe ya heshima ya watawala, lililochongwa kwa chokaa, kwa hiyo huyo bwana, pamoja na ukatili wake, alikuwa mtu wa heshima za kifalme za Kiswahili. Kwa macho matupu utaona vilima vya udongo, kuta zilizoanguka, miembe na nyasi. Bila mtu wa kukusimulia, Pujini ni shamba. Tafuta mzee wa kijijini au pita kwanza kwenye makumbusho ya Chake Chake, yaliyomo ndani ya ngome ya mji, ndipo uende.

Kaskazini, karibu na Tumbe, kuna magofu ya Chwaka, yenye misikiti na kaburi linalonasibishwa na Haruni, mwana wa Mkama Ndume, na karibu yake makaburi ya watu wa ukoo wa Mazrui waliokuja baadaye. Angalia hapa: Chwaka ziko mbili. Iliyo Unguja ni kijiji cha pwani ya mashariki chenye ghuba; ukimwambia mtu mnakutana Chwaka, taja kisiwa. Chwaka ya Pemba iko njia moja na Ngezi, na Tumbe yenyewe ina soko kubwa la samaki, hivyo mtu anaweza kuanza na mnada wa asubuhi, akaenda magofuni, akamalizia msituni.

Udhaifu wa Pemba kwenye magofu ni huo huo wa kila kitu chake: vibao ni vichache, maelezo yamo vichwani mwa watu, na nyasi hukatwa zikikumbukwa. Mtu anayetaka kusoma bango na kuondoka ataona amedanganywa. Mwenye kupenda kukaa na mzee chini ya mwembe akasimuliwa, hatapata mahali pazuri zaidi.

Na mahali pengine utakuta vitambaa vyekundu na vyeupe, ubani, sarafu, mayai. Ni mizimu ya watu, mahali pao pa matambiko. Usiguse, usipige picha bila kuuliza, na usianze mahubiri. Wageni wa bara hawakosi kuniuliza kuhusu wachawi wa Pemba. Utakachokutana nacho zaidi ni salamu ndefu: habari yako, ya nyumbani, ya watoto, ya safari, kisha ndipo uulize njia. Ukiruka salamu, njia utaonyeshwa, lakini ya mbali.

Mji Mkongwe hauna mshindani

Chake Chake na Wete ni miji ya kuishi, si ya kutalii. Pemba haina cha kuweka mbele ya Mji Mkongwe, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na anayekuja Zanzibar mara ya kwanza asiuruke. Jambo moja tu: Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 wakati wa matengenezo, kwa hiyo usiwaahidi watoto kuingia ndani kabla ya kuuliza. Ngome Kongwe iko pale pale jirani.

Vijisiwa

Changuu kwa kobe wakubwa na jela ya mwaka 1893 iliyoishia kuwa karantini: ni safari fupi ya boti kutoka ufukwe wa Forodhani, watoto wanaipenda, nusu siku. Chumbe ni ya mwenye mfuko: mnara wa taa wa 1904, matumbawe yaliyolindwa tangu miaka ya 1990, wageni wa idadi maalumu. Misali, magharibi ya Pemba, ni ya mwenye kupenda bahari bila hoteli: msitu mdogo, mapango, kasa, wavuvi waliopiga kambi, na matumbawe mazuri mno. Beba maji na chakula, na takataka zako rudi nazo.

Viungo na karafuu

Huko Kizimbani na Kidichi, Unguja, utatembezwa katika bustani ya viungo, utanusishwa mdalasini, utavishwa kofia ya makuti. Kwa mtoto wa skuli ni somo zuri. Lakini ni bustani ya maonyesho. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo karafuu ni ya Pemba. Ukienda msimu wa mavuno, kuanzia Julai na kuendelea ikiwa mwaka ni mzuri, utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi uwanjani na kando ya barabara, watoto wakichambua vikonyo, na harufu inaingia mpaka kwenye gari. Hakuna kiingilio. Usikanyage jamvi la mtu, na usijaribu kununua karafuu za njiani ukaondoka nazo mfukoni. Biashara yake inasimamiwa na sheria na haina mzaha.

Kufika, kula, kulala

Unguja hapana la kueleza: boti za kutoka Dar es Salaam ni nyingi, daladala zinafika karibu kila pembe, na chakula kipo mpaka usiku. Gharama ndiyo inayopanda, hasa Julai, Agosti na mwisho wa mwaka.

Pemba boti hushuka Mkoani, na ratiba si ya kila saa wala haikai ilivyo. Iulize wiki hiyo hiyo. Ndege ndogo zinatua karibu na Chake Chake na safari kutoka Unguja ni kama nusu saa. Mwenye kutapika baharini afikirie ndege, hasa kusi linapovuma, kwa sababu mkondo wa Nungwi hauna adabu. Wapemba hawahitaji kukumbushwa hilo. MV Spice Islander ilizama upande huo Septemba 2011. Ukifika, fanya Chake Chake kambi yako: iko katikati, gari za Mkoani, Wete na Konde zote zinaanzia hapo. Gari hizo huadimika jioni, kwa hiyo ukiwa Ngezi ukisikia adhana ya alasiri anza kufikiria kurudi. Nyumba za kulala wageni ni za kawaida na safi, hoteli za kifahari ziko mbali na ni chache. Chakula ni samaki, wali wa nazi, muhogo, mkate wa kumimina, na pweza wa mtaani jioni. Bei yake itakufurahisha.

Ramadhani, visiwa vyote viwili, mchana hutakula hadharani. Unguja utapata mkahawa wa hoteli ukajificha humo, Pemba ukitoka bila kufungasha umefunga. Mavazi ni ya kufunika mabega na magoti kila ukitoka ufukweni, na Pemba ongeza kidogo. Mtanzania abebe kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni wa nje si kimoja, na geti halitakuamini kwa lafudhi yako. Machi mpaka Mei ni masika, njia za msituni zinakatika. Juni mpaka Septemba ni baridi yetu ndogo, ndio wakati mzuri wa kutembea.

Kama huwezi kuchagua

Wenye wiki nzima waende kote, lakini waanze na Pemba. Ukianza Unguja utazoea kutafuniwa kila kitu, kisha Pemba itakuona mlalamishi. Shuka Mkoani, lala Chake Chake, siku ya kwanza makumbusho, Pujini na Kidike magharibi. Ya pili Tumbe, Chwaka na Ngezi. Ya tatu Ras Mkumbuu au Misali, zote zinaanzia Wesha kwa boti, chagua moja kulingana na maji na kulingana na nani katika kundi lenu hajui kuogelea. Kisha rudi Unguja kwa Jozani asubuhi, Kizimkazi mchana, na siku mbili za mjini na Bububu. Tiketi ya boti ya kurudi kutoka Mkoani ikate siku ile ile unayoshuka, na ukiwa unasafiri karibu na Sikukuu ya Idi ikate kabla hata hujapanda, kwa sababu siku hizo Pemba nzima inasafiri na nafasi inayobaki ni ya kusimama.